Umepigwa Eksirei Kabla ya Kujua Una Mimba: Namna ya Kuhesabu Wiki na Dozi Kabla ya Kuamua Lolote

Mwanamke anayegundua kwamba alipigwa picha ya eksirei wakati mimba changa ilikuwa tayari tumboni huja kliniki na swali moja tu, nalo ni kama mtoto ameshaharibika. Swali hilo halijibiki mpaka yajulikane mambo mawili: ni sehemu gani ya mwili iliyopigwa picha, na mimba ilikuwa na wiki ngapi siku hiyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapata mambo hayo na kuyasoma kwa pamoja, pamoja na yale ya kufanya kabla na baada ya picha. Nimeuandika nikimfikiria mama wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, ambaye pengine yuko saa kadhaa za basi kutoka kwa mtaalamu wa mionzi aliye karibu naye.

Asubuhi moja ya Juni, ile baridi ya Iringa ambayo watu huongea mvuke ukiwatoka mdomoni, alifika mama kijana kutoka upande wa Kilolo akiwa na mama mkwe wake. Chini ya kitenge alikuwa ameficha bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya kifua, na aliishika kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kuwaka. Baada ya kusalimiana kamwene na kuulizana habari za nyumbani, mama mkwe ndiye aliyesema: "Mwanangu, huyu mkamwana wangu alipigwa picha ya kifua na mimba ikiwemo. Jirani anasema mtoto atazaliwa hana akili. Tufanyeje?" Nilimwomba binti kadi ya kliniki na bahasha ile, kisha tukaketi kufanya hesabu ambayo nitaieleza hapa hatua kwa hatua.

Hesabu wiki kwanza

Wiki zinazoandikwa kwenye kadi ya kliniki huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Vitabu vya kinga ya mionzi, kwa upande wao, huhesabu tangu mimba kutungwa, jambo ambalo kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hutokea takriban wiki mbili baadaye. Tofauti hiyo huwachanganya hata wahudumu wa afya, kwa sababu mtu husoma mahali kwamba wiki ya 8 ndiyo mwanzo wa kipindi kinachogusa ubongo, akaangalia kadi iliyoandikwa 8, akashtuka, kumbe kwa hesabu ya mionzi mimba hiyo ni ya wiki 6. Kila utakaposoma au kuambiwa idadi ya wiki, uliza kwanza kama ni wiki za kliniki au ni wiki tangu kutungwa.

Chukua kalenda ya ukutani na uweke alama kwenye siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Weka alama ya pili kwenye siku ya picha, ambayo tarehe yake huandikwa pembeni mwa filamu au kwenye karatasi ya majibu. Hesabu siku zilizopita kati ya alama hizo mbili, ugawanye kwa 7, na hapo utakuwa umepata wiki za kliniki. Ukitoa 2, umepata wiki tangu kutungwa. Binti wa Kilolo aliona siku zake Machi 3 na picha ilipigwa Aprili 7. Hizo ni siku 35, yaani wiki 5 za kliniki, au wiki 3 tangu mimba kutungwa.

Wengi hawakumbuki tarehe, na si kosa lao, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba tarehe hiyo itakuja kuulizwa. Msaidie mama akumbuke kwa matukio: ilikuwa kabla au baada ya Pasaka, shule zilikuwa zimefungwa, mahindi yalikuwa yamefikia hatua gani shambani. Ikiwa mzunguko wake hauna mpangilio, au alikuwa bado ananyonyesha, au alikuwa ameacha sindano ya uzazi wa mpango hivi karibuni, hesabu ya kalenda haiaminiki na inafaa apimwe kwa altrasaundi mapema, ikiwezekana kabla ya wiki 14 za kliniki, kipindi ambacho umri wa mimba hupimika kwa usahihi zaidi. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti. Haina mionzi ya aina tunayoizungumzia, kwa hiyo kupimwa nayo hakuongezi chochote kwenye hesabu yetu.

Sababu ya kuhangaika hivi na kalenda ni kwamba mtoto tumboni hapokei madhara yaleyale katika kila kipindi. Katika wiki mbili za kwanza tangu kutungwa, kiinitete ni chembechembe chache ambazo bado hazijagawana kazi. Dozi kubwa, kuanzia miligrei 50 hadi 100 hivi (miligrei ni kipimo cha mionzi nitakachokieleza mbele), inaweza kukifanya kife na mimba itoke, pengine mama akidhani ni hedhi iliyochelewa kidogo, lakini kikiokoka huendelea kukua kama kawaida. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8, viungo vinaumbwa, na hapo dozi kubwa inaweza kusababisha ulemavu wa maumbile au mtoto kudumaa. Madhara hayo hayajaonekana chini ya miligrei 100, na makadirio mengi huuweka mpaka karibu na 200.

Kipindi kinachostahili uangalifu mkubwa kuliko vyote ni wiki ya 8 hadi ya 15 tangu kutungwa, sawa na wiki ya 10 hadi ya 17 kwenye kadi. Wakati huo chembe za ubongo huzaliana kwa kasi na kusafiri kutoka ndani ya ubongo kwenda kwenye gamba lake la nje, ambako kila moja hutafuta mahali pake. Chembe iliyouawa au iliyopotezwa njia wakati huo haina mbadala. Tunayajua haya hasa kutokana na watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao Hiroshima na Nagasaki, miji ya Japani iliyopigwa mabomu ya atomiki Agosti 6 na 9, 1945. Kati ya watoto takriban 1,600 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, 30 hivi walikutwa na ulemavu mkubwa wa akili, na wengi wao walikuwa katika wiki hizo za 8 hadi 15 siku bomu lilipoanguka. Baadhi yao walikuwa pia na vichwa vidogo kuliko kawaida. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba kila miligrei 1,000 katika kipindi hicho hushusha kipimo cha akili kwa pointi 25 hivi. Kuhusu ulemavu mkubwa wa akili, hata anayekadiria kwa tahadhari ya juu kabisa hauweki mpaka wake chini ya miligrei 60, na wengine huuweka karibu na 300.

Kati ya wiki ya 16 na ya 25 ubongo bado unaweza kudhurika, lakini kwa dozi kubwa zaidi, kuanzia miligrei 250 hivi. Baada ya hapo mtoto hana udhaifu unaomtofautisha sana na mtoto aliyezaliwa, isipokuwa suala la saratani, ambalo halina kipindi maalumu na ambalo nitalirudia.

Kisha tafuta dozi iliyofika kwenye mji wa mimba

Miligrei ni kipimo cha nishati ambayo mionzi imeiacha ndani ya mwili. Kwenye karatasi nyingine utakuta milisivati. Kwa eksirei, unaweza kuzichukua namba hizo mbili kuwa sawa. La msingi ni kwamba tunatafuta dozi iliyomfikia mtoto, wala si ile iliyoingia kwenye kifua, mguu au taya la mama.

Mashine ya eksirei hutoa mwali uliobanwa na kuelekezwa mahali pamoja. Picha ya kifua ikipigwa sawasawa, mji wa mimba haumo ndani ya mwali huo. Kinachoufikia ni mabaki yaliyotawanyika ndani ya mwili wa mama, kama mwanga wa kibatari cha chumba cha pili unaopenya chini ya mlango. Ndiyo maana picha ya kifua humpa mtoto chini ya miligrei 0.01, na picha ya jino, mkono au mguu humpa chini ya hapo. Hata siti skeni (CT, eksirei inayopigwa kuzunguka mwili) ya kichwa, ambayo watu huiogopa kwa ukubwa wa mashine yake, humfikishia mtoto kati ya miligrei 0.001 na 0.01 tu, kwa kuwa kichwa kiko mbali na tumbo. Siti skeni ya kifua inaweza kufika miligrei 0.66.

Namba huanza kupanda pale tumbo lenyewe linapoingia kwenye mwali. Eksirei ya tumbo humpa mtoto kati ya miligrei 0.1 na 3, na eksirei ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno, inayoagizwa sana kwa akina mama wanaobeba mizigo na kulima miteremkoni, humpa kati ya 1 na 10. Siti skeni ya tumbo ni kati ya miligrei 1.3 na 35, na ile ya nyonga ni kati ya 10 na 50. Idadi ya picha huzidisha dozi, hivyo mama aliyerudiwa picha ya kiuno mara tatu kwa sababu alitikisika anapaswa kuhesabiwa mara tatu.

Ziweke namba hizo karibu na ile ambayo hakuna anayeikwepa. Kutokana na udongo, chakula, mwili wa mama mwenyewe na mionzi inayoshuka kutoka angani, kila mtoto hupokea kati ya miligrei 0.5 na 1 katika miezi yote ya mimba. Picha moja ya kifua, basi, haizidi kile ambacho mtoto hupokea bila mashine yoyote katika siku tano hivi. Sisi wa nyanda za juu hupata mionzi ya anga kidogo zaidi ya watu wa pwani, kwa kuwa Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa inayotukinga juu yetu ni nyembamba zaidi. Hata hivyo sijawahi kumsikia mkunga akimshauri mama ateremke Kyela akajifungulie huko kwa sababu hiyo.

Soma wiki na dozi kwa pamoja

Mstari wa kwanza wa kukumbuka ni miligrei 50. Chini ya hapo, katika wiki yoyote ile, hakujaonekana ongezeko la ulemavu wa maumbile wala la mimba kuharibika. Mstari wa pili ni miligrei 100, ambao Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2000, ilieleza kwamba dozi iliyo chini yake haipaswi kuchukuliwa kuwa sababu ya kuitoa mimba. Mama aliyepigwa eksirei moja ya kiuno, hata tukimpa namba ya juu kabisa ya miligrei 10, amefikia sehemu moja ya tano ya mstari wa kwanza na sehemu moja ya kumi ya ule wa pili. Kama alikuwa katika wiki ya 12 tangu kutungwa, hesabu ya pointi 25 kwa kila miligrei 1,000 ingempotezea mtoto robo ya pointi moja, kiasi ambacho hakuna mtihani duniani unaoweza kukipima.

Kuhusu saratani nitakuwa mkweli zaidi ya wale wanaomwambia mama "haina shida" na kumfungia faili. Mwaka 1956 daktari wa Uingereza, Alice Stewart, alianza kueleza kwamba watoto waliokufa kwa leukemia, yaani saratani ya damu, walikuwa wametoka mara nyingi zaidi kwa mama waliopigwa eksirei za tumbo wakati wa ujauzito. Alipingwa kwa miaka mingi, lakini kazi yake ndiyo iliyochangia sana hospitali kuacha kuwapiga wajawazito picha za nyonga kwa mazoea. Makadirio ya tume niliyoitaja yanaweza kusemwa hivi: katika watoto 1,000 ambao hawakupata dozi ya ziada, 3 hivi watapata saratani utotoni au ujanani, wakipata miligrei 10 kila mmoja, watakuwa 4, wakipata 50, watakuwa 6, wakipata 100, watakuwa 9. Kwa hiyo hatari ipo na hukua kadiri dozi inavyokua, lakini hata kwenye mstari wa 100 watoto zaidi ya 990 hawatapata saratani hiyo.

Mama anapaswa pia kuambiwa jambo ambalo halihusiani na mionzi hata kidogo: katika kila mimba 100 zinazojulikana, 15 hivi huharibika zenyewe, na katika kila watoto 100 wanaozaliwa, takriban 3 huwa na kasoro ya maumbile, awe mama alipigwa picha au hakupigwa. Asipoambiwa mapema, chochote kitakachotokea baadaye kitatupiwa ile bahasha ya kaki, na pengine kitatupiwa yeye mwenyewe aliyekubali kupigwa picha. Ningekuwa na ruhusa ya kuwatisha watu, ningewatisha kwa ulanzi na komoni kabla ya eksirei ya kifua, kwa kuwa pombe huufikia ubongo wa mtoto moja kwa moja, wiki baada ya wiki, na hakuna anayemjia mjamzito wa Iringa msimu wa ulanzi akiwa na uso wa hofu.

Hofu isiyo na hesabu imewahi kugharimu mimba nyingi. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya Aprili 26, 1986, mionzi iliyofika Ugiriki haikuwahi kukaribia viwango vya kumdhuru mtoto tumboni, lakini uvumi ulienea hata miongoni mwa madaktari, na watafiti wa huko walikadiria kwamba takriban mimba 2,500 zilizokuwa zikitakiwa na wenyewe zilitolewa. Hapa kwetu sheria hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, hivyo mwenye hofu huishia kwenye mizizi na vidonge vya kificho, ambavyo huua mama kwa kweli. Kabla hujameza chochote, tafuta tarehe, tafuta jina la picha, fanya hesabu.

Dozi ikionekana kukaribia au kuvuka miligrei 50, kwa mfano mama aliyepigwa siti skeni ya tumbo na nyonga mara mbili, hesabu ya kalenda na namba hizi haitoshi. Mwombe daktari akuandikie rufaa ili dozi ikokotolewe na mtaalamu wa fizikia ya tiba. Ili kazi hiyo iwezekane, omba mahali ulikopigiwa picha wakupe maandishi ya aina ya picha, idadi yake, mipangilio ya umeme iliyotumika kwenye mashine, na kwa siti skeni, ule ukurasa wa dozi ambao mashine huutoa yenyewe. Ni haki yako kuomba, na ombi la heshima lililoandikwa na daktari wako huharakisha mambo.

Kabla ya kuingia chumba cha picha

Mlangoni utaona alama ya mionzi, ile yenye mapanga matatu kuzunguka duara, na juu yake taa nyekundu inayowaka wakati picha inapigwa. Kabla mlango huo haujafungwa, sema kama una mimba au kama siku zako zimechelewa, hata kama hukuulizwa. Kanuni inayotumika ni kwamba mwanamke ambaye hedhi yake imechelewa anachukuliwa kuwa mjamzito mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kipimo cha mkojo husaidia, ingawa katika siku za mwanzo kabisa kinaweza kusema hakuna mimba wakati ipo. Kwa uchunguzi wenye dozi kubwa na usio wa haraka, kama siti skeni ya nyonga, ni busara kuupanga ndani ya siku 10 za kwanza tangu hedhi kuanza.

Hapa nina neno kwa wenzangu wa upande wa pili wa dirisha. Katika hospitali moja niliyowahi kumpeleka ndugu, swali la hedhi liliulizwa kwa sauti, dirishani, mbele ya foleni nzima, na binti wa kidato cha tatu aliyekuwa mbele yetu, ameandamana na baba yake, akajibu "hapana" huku akiangalia viatu vyake. Jibu la namna hiyo halina thamani yoyote. Mwite pembeni, peke yake, umwambie: "Mwanangu, siku zako za mwisho umeziona lini? Nauliza kwa ajili ya mashine, si kwa ajili ya mtu."

Mwulize daktari maswali matatu kwa adabu: je, jibu la picha hii litabadilisha matibabu yangu, je, altrasaundi au MRI (picha inayopigwa kwa sumaku), ambazo hazitumii mionzi hii, zinaweza kutoa jibu hilohilo, na je, picha inaweza kungoja nijifungue bila kunidhuru. Akijibu kwamba picha ni ya lazima na ya sasa, ikubali.

Ukiwa ndani usipopewa aproni yenye madini ya risasi ya kukinga mionzi, usihitimishe kwamba umepuuzwa. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri iachwe kutumika kwa mazoea, kwa sababu mabaki ya mionzi yanayomfikia mtoto hupita ndani ya mwili wa mama, ambako aproni haifiki, na ikikaa vibaya inaweza kuifanya mashine iongeze nguvu au picha irudiwe. Kinachopunguza dozi ni kubana mwali vizuri na kupata picha safi mara ya kwanza, na hilo hutegemea wewe kutulia na kushika pumzi unapoambiwa. Kama mgonjwa ni mtoto wako na anahitaji kushikwa wakati wa picha, na wewe ni mjamzito, toka nje; ashikwe na baba, mjomba au shangazi.

Picha ikishapigwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwako, kama vile mwanga haubaki chumbani taa ikizimwa. Unaweza kunyonyesha saa hiyohiyo. Maziwa ambayo watu huelekezana kunywa ili "kusafisha" ni chakula kizuri, ila hayana cha kusafisha.

Pale ambapo kukataa picha ndiko kunakodhuru

Mjamzito anayekohoa kwa wiki mbili na zaidi, anayetoka jasho usiku na kupungua uzito apimwe makohozi, na picha ya kifua ikihitajika apigwe. Kifua kikuu kisichotibiwa humdhoofisha mama, huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na mtoto anaweza kuambukizwa. Kukiweka kwenye mizani moja na miligrei 0.01 ni kukosa kipimo.

Vivyo hivyo kwa ajali. Mama aliyeanguka na bodaboda au aliyetolewa kwenye basi lililopinduka kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia anapaswa kupata kila picha ambayo madaktari wanaihitaji ili kumwokoa, ikiwemo siti skeni ya tumbo kama kuna shaka ya kuvuja damu ndani. Wiki na dozi zitahesabiwa baadaye, akiwa hai.

Mionzi inayomezwa, na mionzi ya kazini

Eneo letu limejulikana kwa muda mrefu kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, kwa hiyo jambo hili lisiachwe. Wapo wagonjwa wa tezi ya shingo ambao hutibiwa kwa iodini yenye mionzi, inayoitwa iodini-131, ambayo humezwa. Hiyo haipaswi kupewa mjamzito kamwe, kwa sababu kuanzia wiki ya 10 hadi ya 12 ya kliniki tezi ya mtoto huanza kuivuta iodini, na dawa ileile inayounguza tezi ya mama itaunguza na ya mtoto. Aliyetibiwa hivyo hushauriwa kungoja kati ya miezi 6 na 12 kabla ya kushika mimba. Msichanganye dawa hiyo na chumvi yenye madini joto tunayonunua dukani: ile haina mionzi, na mjamzito anaihitaji ili ubongo wa mtoto ukue vizuri.

Anayefanya kazi kwenye chumba cha eksirei, au kwenye chumba cha upasuaji chenye mashine ya picha, amtaarifu msimamizi wake kwa maandishi mara anapojua ana mimba. Kuanzia hapo mtoto huhesabiwa kama mtu wa umma asiyechagua kazi hiyo, na dozi yake kwa muda uliobaki wa mimba haipaswi kuzidi milisivati 1. Beji ya kupimia mionzi ivaliwe kila zamu, na ile ya tumboni ivaliwe chini ya aproni; Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia mambo haya. Mara nyingi mfanyakazi huendelea na kazi baada ya kupangiwa majukumu yaliyo mbali na mwali, na viwango vya kimataifa vinasema wazi kwamba kutoa taarifa ya mimba si sababu ya kumwondoa mtu kazini. Utaratibu huohuo unamhusu mwanamke atakayeajiriwa kwenye mradi wa urani, madini yenye mionzi, wa Mto Mkuju, Namtumbo. Simu na minara yake hazimo katika hesabu hii, kwa kuwa mawimbi yake ni ya aina nyingine.

Andika kwenye kadi

Hesabu iliyofanywa kwa mdomo husahaulika mama akishapanda basi, na zamu ijayo muuguzi mwingine ataanza upya na hofu itaanza upya. Kwa hiyo iandikwe kwenye kadi ya kliniki, kwa kalamu, ikiwa na tarehe, aina ya picha, idadi, wiki na dozi. Kwenye kadi ya yule binti niliandika hivi, kisha nikamsomea mama mkwe kwa sauti mara mbili, naye akaomba nisome mara ya tatu ili akamwambie jirani neno kwa neno: "Eksirei ya kifua, picha 1, Aprili 7. Mimba wiki 5 za kliniki, wiki 3 tangu kutungwa. Dozi ya mtoto chini ya miligrei 0.01. Aendelee na kliniki kama kawaida. Makohozi yapimwe leo."